Neno Moja Nisilolisoma

Cheti changu kinaning'inia juu ya ndoo ya maji ya kunywa,
kwa msumari wa bati, kimepinda kidogo kushoto.
Ofisa ustawi akija hapa Pasua hukitazama kwanza,
kisha vyoo, kisha mimi.
Malezi na makuzi ya awali. Daraja la pili.
Miezi kumi na miwili, ada kwa mafungu manne,
la mwisho likalipwa na mbuzi wa mama, kule Singida.

Sikidharau. Kilinifundisha
kwamba mtoto hasukumwi kutambaa,
kwamba homa hupimwa, haipapaswi tu,
kwamba anayeng'ata wenzake huenda meno yanamtoka
au nyumbani kumetoka mtu.
Lakini Aikande hakuwemo katika madaftari yangu.

Aliletwa mwezi wa sita, ukungu umekalia mabati ya Moshi nzima,
miaka miwili na nusu, sweta la kaka yake likimfika magotini.
Baba yake, mchomeleaji, miwani myeusi kipajini,
hakuzima pikipiki.
"Mwalimu, huyu sasa wako. Wewe ndiye uliyesoma."
Akaacha ada, kamili,
na moshi.

Kila siku, ikigonga saa nne asubuhi, kilio.
Nikampa uji, akausukuma.
Nikampa mpira wa soksi, akauacha ubingirike.
Nikaimba kwa vidole kama tulivyofundishwa,
nikajaza jedwali: *Hasemi. Achunguzwe.*
Naye ananitazama, machozi yamefika kidevuni,
anarudia sauti ileile
niliyoihesabu kuwa sehemu ya kilio:
mri, mri.

Nikampigia baba mtu.
"Nakuomba nusu saa."
"Nina geti la watu, mwalimu."
"Geti litangoja."

Alikuja na masizi mikononi, akaketi
kwenye kiti chekundu cha plastiki, magoti yakikaribia masikio.
Watoto wakamcheka. Akacheka nao, haraka yake ikamponyoka.
Saa nne ikafika. Aikande akafungua mdomo.
Baba hakuniuliza kitu. Aliinuka,
akafunua ndoo, akachota kikombe.

"Anataka maji," akasema. "*Mringa.*
Analala na bibi yake. Bibi ni wa Kirua,
Kiswahili anakiweka kwa ajili ya wageni."

Maji.
Wiki tatu mtoto ananiomba maji
chini ya cheti changu, hatua mbili kutoka kwenye ndoo,
nami nayagawa saa sita, kwa ratiba.

Sikuwa na la kusema. Yeye ndiye aliyeinamisha kichwa:
"Ningekwambia siku ya kwanza.
Nilidhani ukishalipia, mengine mnayajua."

Sasa mlangoni pana daftari, kalamu imefungwa kwa uzi wa kiatu.
Mama yake Aikande huandika akielekea Memorial,
furushi la mitumba kichwani, mkono mmoja:
*Usiku kaamka. Anaogopa jogoo wa jirani.*
Babu yake Ndetaulwa hajui kuandika;
hunisimulia, naandika mimi, halafu ananitaka nimsomee
ahakikishe sijaongeza chumvi.
Wengine bado hawazimi pikipiki.
Hao nawasimamia mbele ya gurudumu:
amelalaje? Amekula nini? Nani kamwogesha?
Wananiona msumbufu. Sawa.

Juzi ofisa karudi.
Kakitazama cheti, kanyoosha ile pembe iliyopinda.
Nikamwonyesha daftari, akalipekua mpaka katikati,
akatabasamu kwa jogoo,
akasema fomu yake haina mahali pa kuliandika.

Na Aikande? Siku hizi anasema sana, mpaka natamani anyamaze kidogo.
Kwangu husema maji, kwa bibi husema lile lingine.
Saa nne nikimnyooshea kikombe, nikamwambia "mringa"
kwa ulimi wangu wa Singida,
ananicheka kwanza,
kisha anakunywa.